Kumbukumbu za Muuguzi ni Kinga ya Mgonjwa na ya Mtumishi

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Wodini, mali hiyo ni uhai wa mgonjwa, na daftari ni jalada lake.

Tuchukulie mama aliye katika uchungu. Mkunga hutakiwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuyaandika katika patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu. Mtoto akipata madhara na familia ikafungua shauri, itaulizwa: mapigo yalipimwa saa ngapi, yalikuwa mangapi, na daktari aliitwa lini? Mkunga aliyetimiza wajibu wake bila kuandika hana cha kuonesha, na familia hubaki bila kuujua ukweli. Baya zaidi, chati tupu haimwoneshi mkunga wa zamu inayofuata kwamba mapigo yameanza kushuka.

Ili kuepuka madhara hayo na mashtaka yanayofuata, muuguzi azingatie mambo manne:

1. Aandike papo hapo, kwa tarehe, saa, jina na saini. Akikosea, akate kwa mstari mmoja unaoacha neno lisomeke, kisha asaini. Kufuta au kuchana karatasi huzua shaka.

2. Kabla ya kutoa dawa, ahakiki mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati, na aulize kuhusu mzio.

3. Aeleze huduma kwa lugha inayoeleweka na kupata ridhaa kabla ya kuitoa.

4. Kosa likitokea, amhudumie mgonjwa na kutoa taarifa kwa msimamizi mara moja. Kosa lililofichwa huongeza madhara.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi awe na usajili na leseni, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lina mamlaka ya kumchukulia hatua za kinidhamu anayekiuka maadili.

Mwananchi naye ana wajibu. Ataje mzio alionao na dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili. Asikereke anapoulizwa jina mara ya pili, kwani hapo analindwa. Akiwa na lalamiko, aanze kwa Mganga Mfawidhi wa kituo au kamati ya usimamizi wa kituo, akieleza siku, saa na jambo lililotendeka. Lalamiko lenye maelezo kamili hulinganishwa na jalada, na haki hupatikana bila kumwonea yeyote.