Daktari, Mwalike na Mwenzako

Mwezi huu tunazungumza juu ya vyama vya kitaaluma vya madaktari. Kwa haraka jambo hili laweza kuonekana ni lao peke yao. Lakini mgonjwa naye anayo faida humo, ndiyo maana tumelileta katika ukurasa wa familia.

Chama ni nini?

Wengi wetu huchanganya vitu viwili. Liko Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo ni chombo cha sheria. Daktari wa Tanzania Bara hana budi kusajiliwa nalo ndipo aruhusiwe kutibu. Chama ni kitu kingine: daktari hujiunga kwa hiari yake na kulipa ada. Kipo Chama cha Madaktari Tanzania (MAT), na kipo Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania (MEWATA), kilichoanzishwa mwaka 1987. Asiye mwanachama bado ni daktari halali, ila anakosa mengi, nasi tunakosa pamoja naye.

Sisi tunapata nini?

Tuchukue mfano wa saratani ya matiti. Ugonjwa huu hutibika vizuri zaidi ukigunduliwa mapema, lakini akina mama wengi hufika hospitali uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Mwaka 2005 MEWATA ilianza kampeni ya kuwapima wanawake matiti, kwanza Dar es Salaam na baadaye mikoani. Wanawake walijitokeza kwa maelfu. Daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, asingeweza kuwapima wote hao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tumfikirie pia daktari kijana aliyepangiwa hospitali ya mbali. Usiku analetewa mgonjwa mwenye dalili asizozielewa. Aliyewazoea wenzake mikutanoni anajua nani wa kumpigia simu na kumwuliza bila kuona haya. Asiye na mtu hubahatisha, na anayeumia ni mgonjwa.

Namna ya kumwalika mwenzako

Kwa madaktari wanaosoma ukurasa huu, tunashauri haya:

1. Mwalike ana kwa ana. Tangazo la ubaoni watu hulipita. Neno la mtu mnayeshika naye zamu husikilizwa.

2. Usiwasahau madaktari watarajali, yaani waliomaliza chuo na wako katika mwaka wa mazoezi hospitalini. Mazoea ya kushirikiana hujengwa mapema.

3. Mweleze ukweli kuhusu ada: ni kiasi gani na inafanya kazi gani. Usimwahidi yasiyokuwapo.

4. Nenda naye mkutano wa kwanza. Mgeni aliyekaa peke yake nyuma harudi tena.

5. Mpe kazi, hata ndogo. Mtu hukipenda chama anachokitumikia.

Na sisi wazazi na ndugu?

Mtoto wetu daktari akiaga Jumamosi kwenda mkutanoni, au akitenga fedha za ada, tusinung'unike kwamba anapoteza muda na mali. Anajiongezea ujuzi atakaoutumia Jumatatu kwa mgonjwa asiyemfahamu, na huenda siku moja mgonjwa huyo akawa mama yetu. Basi akirudi nyumbani tumwulize: "Umejiunga na wenzako?" Akijibu ndiyo, tumwulize la pili: "Na umemwalika nani?"