Mchujo wa Mwaka 1954 Mjini Nairobi

Mkazi wa Mowlem aendaye mjini kwa barabara ya Jogoo hupita kando ya Bahati na Kaloleni. Mitaa hiyo ni mikongwe kuliko Mowlem, na waliokaa humo zamani za Hali ya Hatari waliona jambo ambalo yafaa vijana walifahamu barabara: jinsi maelfu ya watu walivyofungwa bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring mwezi wa Oktoba, 1952. Mapigano ya Mau Mau yalikuwa misituni, lakini Serikali iliamini kwamba fedha, dawa na silaha za wapiganaji zilitoka Nairobi. Basi alfajiri ya tarehe 24 Aprili, 1954, askari na polisi wapatao 25,000, chini ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji. Shughuli hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hupigia kazi yake juu yake. Jina lilichaguliwa vema.

Nyumba zilipekuliwa moja moja. Watu wa makabila mengine walitazamwa vyeti vyao wakaachiliwa, bali Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa. Waliochukuliwa waliruhusiwa kubeba mzigo mdogo tu. Vyombo vingine vya nyumbani viliachwa nyuma, na vingi havikuonekana tena.

Wengi walipakiwa katika malori hata Langata, na huko wakachujwa. Walipitishwa mmoja mmoja mbele ya watu waliovikwa magunia kutoka kichwani, yenye matundu ya macho. Mwenye gunia hakuhitaji kusema neno; kutikisa kichwa kulitosha. Aliyetajwa hakumjua aliyemtaja, na mara nyingi hakuambiwa kosa lake, basi angejibu nini? Huenda alikuwa mwenye kiapo kweli. Huenda pia alikuwa amegombana na mwenye gunia juu ya shamba au deni. Kwa mchujo wa namna ile, mambo hayo mawili hayakuweza kutambulikana.

Baadaye watu waligawanywa kwa rangi: weupe, wasiodhaniwa kuwa na hatia, kijivu, wa kati, na weusi, waliohesabiwa kuwa wagumu. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini kwa sababu ya Anvil, wengi wao katika kambi za Manyani na Mackinnon Road, kando ya reli ya Mombasa. Manyani iliingiwa na homa ya matumbo mwaka ule ule. Wake na watoto kwa maelfu walirudishwa wilayani kwao, na wanawake waliozuiliwa walikuwa na kambi yao Kamiti.

Njia ya kutoka ilikuwa kuungama kiapo na kufanya kazi. Aliyekataa alibaki, na katika kambi kadhaa alipigwa. Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo huko Hola. Kwanza ilitangazwa kwamba vifo vyao vilitokana na maji waliyokunywa. Hali ya Hatari ilikoma Januari, 1960.

Wazee waliokuwa kambini waliishtaki Serikali ya Uingereza mjini London. Kesi ilipokuwa ikiendelea, mwaka 2011, ilikubaliwa kwamba mafaili yaliyoondolewa Kenya kabla ya uhuru yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, nchini Uingereza. Mwezi wa Juni, 2013, Serikali hiyo ilieleza masikitiko yake Bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 pamoja na gharama za kesi.