Kulinganisha Vitu katika Kiingereza

Ndugu wanafunzi, katika kusahihisha madaftari yenu muhula huu nimeona alama nyingi zikipotea mahali pamoja, yaani kwenye sentensi za kulinganisha. Maneno yameandikwa vizuri, "than" ipo mahali pake, lakini maana haipatani na akili.

Tazameni hii: "The cotton of Bariadi is whiter than Meatu." Hapa pamba imelinganishwa na wilaya! Kwa Kiswahili twasema, "Pamba ya Bariadi ni nyeupe kuliko ya Meatu," wala hatuisahau ile "ya". Basi "kuliko ya" ndiyo "than that of". Jina likiwa la wingi, kama "cows", andikeni "than those of". Kiswahili hufuata ngeli, mara ya, mara cha, mara la. Kiingereza kina mawili tu, na bado mnalalamika kuwa ni kigumu.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika Mkoa wa Simiyu, na ile ya 2022 watu 2,140,497. Ukiandika, "The population of Simiyu in 2022 was larger than 2012," umelinganisha watu na mwaka. Andika "than in 2012".

Mtego wa pili ni neno "other". "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa" ni kosa, kwa sababu Kilimanjaro nao umo Afrika, na mlima hauwezi kujizidi wenyewe. Sema "any other mountain in Africa". Lakini "any mountain in Europe" haitaki "other", maana Kilimanjaro haumo Ulaya.

Tena mjihadhari na sentensi yenye maana mbili: "I help my mother more than my sister." Je, dada ndiye anayesaidia, au ndiye anayesaidiwa? Ikiwa ndiye anayesaidia, ongezeni "does" mwishoni.

Si lazima vitu viwe vya aina moja, mradi vyote viwili vyaweza kuwa na sifa inayotajwa.

Jaribuni hizi tatu. Moja haina kosa.

"The goats of Maswa are fatter than Itilima."

"The baobab near the road is older than our school."

"Lake Victoria is larger than any lake in Africa."