SOMO LA AFYA: Kusafiri Ng'ambo Kupasuliwa kwa Sababu ya Unene



Mwezi Mei mdogo wangu anayekaa Mafinga alinipigia simu. Baada ya kamwene na habari za nyumbani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, nataka kuuza miti. Niende India wakanikate tumbo." Miti yenyewe ni misindano ya miaka tisa, ekari tatu, ambayo yeye na marehemu shemeji yetu waliipanda kwa ajili ya karo za watoto. Mti wa miaka tisa ukiuzwa leo ni hasara, kila mtu wa Mufindi anajua hivyo. Lakini mdogo wangu ana kisukari, magoti hayamwachi alale, na ngazi za ofisini kwake humchosha kama mlima. Akaniambia, "Wewe ni mwalimu. Soma, unijibu."

Basi nilisoma, nikawauliza na waganga wawili ninaowafahamu. Niliyoyapata nayaleta hapa, kwa maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili. Siku hizi picha za watu waliopungua zinapita katika kila simu, na mawakala wanapita nyuma yake.

Tuanze na hesabu. Wale niliowafundisha darasani watacheka, lakini chukueni kalamu. Pima uzito wako kwa kilo. Pima urefu wako kwa mita, kisha uzidishe urefu huo kwa wenyewe. Sasa gawa uzito kwa jibu hilo. Mdogo wangu ana kilo 109 na urefu wa mita 1.62. Mara 1.62 kwa 1.62 ni 2.62, gawa 109 kwa 2.62, utapata 41 na ushei. Mtu mzima mwenye kati ya 18.5 na 25 yuko sawa. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 Shirika la Afya Duniani huita unene wa kupindukia, nao ni ugonjwa, si sifa wala aibu.

Hapa lazima niseme neno juu ya ulafi, kwa sababu nimelisikia hata nje ya mlango wa kanisa. Mtu akiwa mnene watu husema anakula sana, basi. Hivyo sivyo mwili unavyofanya kazi. Mtu mnene akijinyima na kupungua kilo kumi, mwili wake hudhani njaa imeingia nchini. Homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ambayo hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo la chakula, huongezeka; nguvu zinazotumika hata wakati wa kupumzika hupungua; na mtu huyo hushikwa na njaa mchana na usiku mpaka kilo zirudi. Wengine wamezaliwa na miili inayoweka mafuta upesi kuliko wengine. Kula kupita kiasi kupo, sikatai, lakini anayemwambia mgonjwa "funga mdomo tu" hajawahi kupigana vita hiyo.

Na tutazame tulivyobadilika. Mama zetu walilima kwa jembe la mkono kutoka Novemba mpaka palizi iishe, wakabeba kuni na maji. Binti zao wameketi dukani au ofisini, bodaboda inawafuata mlangoni, na jioni kuna chipsi mayai na soda. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene. Na huku huku kwetu utafiti kama huo wa 2022 ulikuta Iringa inaongoza nchi nzima kwa udumavu: karibu watoto 57 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao. Mkoa wa mahindi na maharage! Nyumba moja yaweza kuwa na bibi mwenye kisukari na mjukuu aliyedumaa, wote wakila kutoka chungu kimoja chenye ugali mwingi na mboga kidogo.

Sasa upasuaji wenyewe. Ulianza zamani kuliko tunavyodhani: mwaka 1967 daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, pamoja na mwenzake Ito, waliandika juu ya njia ya kukata tumbo na kuliunganisha na utumbo chini zaidi, ili chakula kipite njia ya mkato. Njia hiyo bado inatumika. Nyingine, inayofanywa zaidi siku hizi, ni kuondoa kama robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula na kuacha mfereji mwembamba wenye umbo la ndizi. Hufanywa kwa matundu madogo na kamera, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, na ukingo hufungwa kwa pini ndogo nyingi. Kilichokatwa hakirudishwi. Mgonjwa hushiba kwa kikombe kidogo, na kwa kuwa sehemu ile ya ghrelini imeondolewa, njaa nayo hupungua. Kuna na puto: hupitishwa mdomoni, hujazwa maji yapata nusu lita ndani ya tumbo, hukaa miezi sita au zaidi kidogo, kisha hutolewa. Puto halikati kitu, lakini likitoka wengi hurudia uzito wao.

Faida yake si uongo. Wengi hupoteza kama robo ya uzito wao katika mwaka mmoja au miwili, na wenye kisukari cha ukubwani wengi huacha dawa kwa miaka kadhaa. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaokufa katika siku 30 za kwanza ni wachache sana, kama mmoja kwa elfu au pungufu. Vyama vya madaktari wa fani hii vilisema mwaka 2022 kwamba mtu mwenye 35 katika hesabu yetu anastahili kufikiriwa, hata bila ugonjwa mwingine, na mwenye 30 ikiwa ana kisukari. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa akitafuta urembo. Nilijisikia vibaya, maana nilikuwa nimekwisha kutayarisha hotuba.

Shida ni safari. Nitaeleza la jirani yangu mmoja, naye ameniruhusu bila kumtaja yeye wala hospitali wala nchi aliyokwenda. Wakala alimpa bei moja yenye kila kitu: tiketi, hoteli, upasuaji. Daktari alimwona kwa mara ya kwanza asubuhi ya kupasuliwa. Siku ya nane akapanda ndege, akakaa saa nyingi, akafika Dar es Salaam, na kesho yake alfajiri akapanda basi la Mbeya. Kilomita zaidi ya 800, ameketi! Mikumi mguu wa kushoto ulikuwa umevimba. Kupanda Kitonga alianza kuhema. Walimshusha Makambako hajiwezi. Damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande kimekwenda kwenye pafu. Upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda, na kukaa kitako muda mrefu huongeza tena. Hakuna aliyemwambia asubiri, wala atembee, wala hakupewa sindano za kuzuia.

Alipona. Lakini wiki ya tano alianza kutapika kila alichokula, kisha miguu ikafa ganzi na maneno yakawa yanampotea. Barua ya hospitali aliyokuja nayo ilikuwa katika lugha ambayo hakuna daktari hapa aliyeweza kuisoma. Kwa bahati daktari kijana alikumbuka kwamba anayetapika majuma mengi baada ya upasuaji huu huishiwa na vitamini B1, na kwamba yafaa apewe hiyo kabla ya dripu ya glukosi, la sivyo ubongo waweza kuharibika. Neno hilo moja andikeni penseli mahali, mtu wenu akisafiri.

Na kuna la tatu, ambalo halimo katika vitabu vya waganga. Jirani huyu alipungua kilo 30 kwa miezi saba. Hapa kwetu kukonda kuna maana yake. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa Virusi vya Ukimwi katika utafiti wa 2022/23. Njombe peke yake karibu watu wazima 13 katika 100. Tumezika wengi, na macho yetu yamezoea kuhesabu mifupa ya mashavu. Basi minong'ono ikaanza sokoni, ikaingia kwaya, na yeye akaacha kuja ibadani miezi minne. Mimi nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Leo kisukari chake kimetulia bila vidonge, anapanda mlima kwenda shambani, na bado hukaa benchi la nyuma. (Kwa anayetumia dawa za Virusi vya Ukimwi: amwambie daktari kabla ya kukatwa, kwa kuwa tumbo jipya laweza kubadili namna dawa zinavyoingia mwilini.)

Yako na maonyo ya mbali. Februari na Machi 2023 watu kadhaa wa Ulaya walisafiri kwenda Istanbul na Izmir, Uturuki, kuchomwa tumboni sindano za botoksi ili wasisikie njaa. Zaidi ya 60, pamoja na Waturuki wenyewe, walipatwa na sumu ya botulismu. Wengine walishindwa kumeza na kupumua. Sindano hiyo si upasuaji, na ilitangazwa kama jambo jepesi la siku moja. Sisemi Uturuki ni kubaya, wala India. India kuna madaktari waliofanya kazi hii maelfu ya mara, na kuna bodi yao ya kukagua hospitali iitwayo NABH, ambayo mtu anaweza kuuliza kama hospitali fulani imepita. Ninachosema ni kwamba wakala hulipwa mgonjwa akienda. Halipwi mgonjwa akibaki.

Fedha je? Ng'ambo upasuaji huu hutajwa kwa dola elfu kadhaa. Dola 5,000 ni zaidi ya shilingi milioni 12, kabla ya tiketi mbili, kwa maana hakuna anayepaswa kwenda bila msindikizaji, na kabla ya chumba cha kukaa wiki mbili tatu mpaka daktari aseme safari ni salama. Halafu ziko gharama zisizo katika bei ya wakala: vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa maisha yote, B12, vipimo vya damu kila mwaka. Mwanamke asishike mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Wiki za kwanza ni vinywaji, kisha vyakula laini, na baadaye maharage, samaki, mayai na dagaa kwanza, ugali mwishoni ikiwa nafasi imebaki. Hiyo nafasi, wapendwa, ni vijiko vichache.

Nilimwambia mdogo wangu haya yote kwa simu, jioni mbili. Nikamwambia pia kwamba Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekwisha kuweka puto kwa wagonjwa wengi na imeanza upasuaji wa kupunguza unene, na kwamba Nairobi nako hufanyika. Mloganzila ni mbali na Mafinga, lakini ukitapika siku ya ishirini unaweza kurudi kwa aliyekukata, ukamweleza kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Na wakinikataa?" Nikamjibu kwamba daktari anayeweza kukukataa ndiye wa kumwendea.

Miti haijauzwa. Juni alikwenda kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, akapimwa sukari, moyo, figo na ini, akakutana na mtu wa lishe. Sasa anatembea kila asubuhi mpaka stendi na kurudi, ameacha soda, na amepungua kilo nne, ambazo anasema ni kama kuchota kijiko ziwani. Amepewa barua ya rufaa kwenda Mloganzila. Akikubaliwa, ndugu tutachangia, na miti itabaki mpaka ikue. Akiamua hata hivyo kwenda India, nitakuwa msindikizaji wake, nami nimekwisha kumwomba mambo matatu: azungumze na daktari mpasuaji mwenyewe kabla ya kulipa, barua ya kutoka iandikwe Kiingereza pamoja na jina la upasuaji na dawa alizopewa, na tusipande basi la Mbeya siku ya kutua.

Umoja wa Mama wamenunua mizani, na mimi nimechora futi kwa chaki kwenye mwimo wa mlango wa ofisi ya parishi. Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada, nitakuwapo na kalamu kwa atakayetaka kupiga hesabu yake. Majibu hayatasomwa kwa sauti. Jirani yangu amekubali kukaa nami mezani, na mwenye swali juu ya tumbo amwulize yeye.