Kompyuta Kwenye Meza ya Daktari: Kazi Yake ni Kukumbusha

Watoto wawili wanaletwa zahanati asubuhi moja, wote wanakohoa. Muuguzi anawahesabia pumzi kwa dakika nzima, kila mmoja akiwa ametulia mapajani mwa mamake. Wote wawili wanapumua mara 44 kwa dakika. Mmoja ana miezi 10, mwingine ana miezi 14.

Mwongozo wa matibabu ya watoto unaotumika nchini, ambao chimbuko lake ni Shirika la Afya Duniani, unasema mtoto wa kati ya miezi 2 na miezi 12 anapumua kwa kasi anapofikisha pumzi 50 kwa dakika. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5 kiwango hushuka hadi 40. Kwa hivyo mtoto wa miezi 14 huenda ana nimonia na anahitaji antibiotiki. Yule wa miezi 10, ikiwa kifua chake hakibonyei ndani anapovuta pumzi na hana dalili nyingine ya hatari, anaweza kurudi nyumbani mamake akiwa ameelezwa jinsi ya kumtunza na dalili za kumrudisha haraka.

Idadi ya pumzi ni ile ile, lakini uamuzi ni tofauti kabisa. Muuguzi mzoefu anavijua viwango hivi kwa kichwa. Hata hivyo, saa nane mchana, akiwa amekwisha kuwahudumia wagonjwa wengi na foleni bado imefika mlangoni, hata mjuzi huchanganya. Hapo ndipo kompyuta au simu ya kazi inapopata nafasi yake katika chumba cha matibabu.

Jinsi inavyofanya kazi

Wakaazi wengi wanapoona daktari akiandika kwenye kompyuta badala ya kumwangalia usoni, hudhani mashine ndiyo inayotibu. Sivyo. Ndani ya mfumo kuna rekodi ya mgonjwa: tarehe ya kuzaliwa, uzani, vipimo alivyofanyiwa, dawa anazotumia na zile zinazomdhuru. Pembeni ya rekodi hiyo kuna kanuni zilizoandikwa na wataalamu wa tiba kutoka kwenye miongozo ya Wizara ya Afya. Kila kanuni ina umbo la "ikiwa hivi, basi vile". Ikiwa mtoto ana miezi 14 na anapumua mara 44, basi muulize muuguzi kama amefikiria nimonia. Ikiwa mama mjamzito amefika kliniki na hajapimwa damu, basi mkumbushe anayemhudumia.

Mashine hulinganisha rekodi na kanuni kwa nukta chache, kisha huonyesha ujumbe. Anayeamua ni mhudumu wa afya, ambaye amemwona mgonjwa na kumsikiliza. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba hutumia simu zenye mpango kama huo. Simu huwauliza maswali kwa utaratibu: je, mtoto anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Jibu la "ndiyo" kwenye moja ya dalili hizo za hatari, au "hapana" kwenye lile la kunyonya, humaanisha mtoto apelekwe hospitali bila kungoja. Ndivyo ilivyo pia kwa utepe wa kupimia mkono: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake una mzunguko usiofika sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali.

Kilichoonekana Indianapolis, kisha Eldoret

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1976, daktari Clement McDonald wa Indianapolis, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio lake katika jarida la tiba. Madaktari 9 walihusika. Kwa baadhi ya ziara za wagonjwa, kompyuta iliwaandikia vikumbusho kwenye karatasi, na kwa nyingine haikuwaandikia. Walipokumbushwa, walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio yaliyohitaji hatua. Bila kukumbushwa, ni asilimia 22 tu. Watu ni wale wale, na elimu yao ni ile ile. McDonald alihitimisha kwamba makosa mengi hayatokani na uzembe wala ujinga; akili ya binadamu ina kikomo cha mambo inayoweza kukumbuka kwa wakati mmoja. Hitimisho hilo lilikuwa la haki kwa madaktari, na bado ni la haki kwa wauguzi wanaohudumu katika zahanati zenye wagonjwa wengi.

Kutoka Indianapolis njia ilifika moja kwa moja hapa Kenya, kwa sababu chuo kikuu cha Indiana kina ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta kuhifadhi rekodi za wagonjwa wa kawaida. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila kuilipia. KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vingi vinavyowahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini, umejengwa juu ya programu hiyo hiyo.

Huko Eldoret, watafiti waliuliza swali lile la 1976 upya, safari hii kuhusu watoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi anahitaji kipimo akiwa na wiki 6, kingine baadaye, na cha kuthibitisha hali yake akifikisha miezi 18. Kipimo kimoja kikisahaulika, mtoto mwenye virusi hukaa bila dawa wakati mwili wake unadhoofika. Katika kliniki ya watoto, kompyuta ilitoa muhtasari wa kila mtoto kwenye karatasi moja iliyowekwa juu ya faili, na chini yake ikaorodhesha mambo ambayo muda wake ulikuwa umepita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalikuwa haya: pale waliopewa vikumbusho, asilimia 68 ya kazi zilizochelewa zilikamilishwa, pale wasiopewa, asilimia 18.

Ifahamike kwamba daktari katika kliniki hiyo hakuhitaji kuwa na kompyuta mezani. Alijaza fomu kwa kalamu, karani akaingiza habari kwenye mashine, na mashine ikatoa karatasi kabla ya ziara iliyofuata. Kaunti zinaponunua vifaa, jambo hili halipaswi kusahaulika: kinachookoa mtoto ni ukumbusho unaofika mkononi mwa daktari wakati mtoto yuko mbele yake, uwe kwenye kioo cha simu au kwenye karatasi ya kawaida.

Pale mashine inapokosea

Mfumo hujua tu kile ulichoambiwa. Mtoto wa kilo 9 akiandikwa kilo 19, hesabu ya dawa itatoka kubwa zaidi ya maradufu, na itaonekana safi kabisa kwenye kioo. Mifumo mizuri huonya uzani usipolingana na umri, lakini si yote. Kipimo kilichofanyika kituo kingine bila kuandikwa kitaonekana kama hakijafanyika, na mgonjwa ataagizwa kutolewa damu mara ya pili bure.

Kuna tatizo jingine ambalo waundaji wa mifumo hii wamelijua kwa muda mrefu. Maonyo yakiwa mengi mno, wahudumu huacha kuyasoma. Mashine inayopiga kelele kwa kila dawa hufanya onyo la maana lipite pamoja na yasiyo na maana. Ndiyo sababu kanuni chache zilizochaguliwa vyema ni bora kuliko mamia, na ndiyo sababu wauguzi wenyewe wanafaa kuulizwa ni maonyo gani yanawasaidia. Stima ikipotea au mtandao ukikatika, kazi hurudi kwenye rejista ya karatasi. Kituo kinachojua wajibu wake huingiza habari hizo kwenye mfumo baadaye, la sivyo rekodi hubaki na pengo.

Haki ya mgonjwa mbele ya mashine

Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo habari nyingi za afya za mkaazi zimo mikononi mwa kaunti yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwaje, kuziona, na kutaka kosa lirekebishwe. Sheria hiyo, katika kifungu cha 35, inampa pia mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo na hatari zake. Jibu la "kompyuta imesema hivyo" halitoshelezi wajibu huo. Mkaazi anayeona haki yake ya data imekiukwa anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa upande wake, mkaazi ana mchango ambao hakuna mashine inayoweza kuutoa. Mama wa mtoto wa miezi 14 aliyetajwa mwanzoni, akikisia kwamba mtoto "ana kama miezi 11 hivi", mfumo utatumia kiwango cha 50 na hautamkumbusha muuguzi kuhusu nimonia. Kijitabu cha mama na mtoto chenye tarehe ya kuzaliwa ndicho dawa ya kwanza ya kosa hilo, na kinafaa kubebwa kila safari, hata mtoto akiletwa na nyanya au shangazi. Vivyo hivyo kwa watu wazima: pakiti za dawa wanazomeza, pamoja na zilizonunuliwa dukani na za mitishamba, na jina la dawa yoyote iliyowahi kuwaletea vipele au kuwakosesha pumzi. Na mzazi anayesikia uzani wa mwanawe ukitajwa vibaya wakati muuguzi anaandika, aseme pale pale, kabla karatasi haijapelekwa dirisha la dawa.