SOMO: KUSOMA VITABU KATIKA KOMPYUTA

Macho yangu yalipopungua nguvu, niliacha kusoma kwa miezi mingi. Mwalimu asiyesoma ni kama kisima kilichokauka. Basi leo tujifunze njia iliyonirudisha kwenye vitabu.

Kwanza, pata programu ya kusomea. Mimi natumia Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006. Haiuzwi, hutolewa bure.

Pili, tambua aina ya kitabu. Kitabu cha PDF ni kama karatasi iliyopigwa picha: mistari haihami, na ukikikuza sana maneno hutoka nje ya kioo. Kitabu cha EPUB ni kama maji katika chombo: mistari hujipanga upya kufuata ukubwa wa herufi. Mwenye macho dhaifu achague EPUB.

Tatu, fungua kitabu. Shikilia kitufe cha Ctrl, kisha bonyeza alama ya kujumlisha, herufi zitakua. Alama ya kutoa huzipunguza.

Nne, bonyeza Esc. Orodha itatokea, ingia penye mipangilio, utafute rangi. Weupe mkali ukikuumiza, chagua rangi ya karatasi kuukuu. Usiogope kukosea: kitabu chenyewe hakiharibiki, hubadilika sura tu.

ZOEZI: Mwite mjukuu akae kando, lakini mkono uwe wako. Rudia hatua ya tatu mara tano bila msaada. Anayebonyezewa kila siku bado hajajifunza.