Rangi ya Chini ya Mashua: Jaribio la Vibao Vitatu
Mwalimu wa pwani asiwaambie wanafunzi kwamba rangi yenye shaba huzuia mwani na kome kushika chini ya mashua, awaachie wachunguze. Vibao vitatu vining'inizwe gatini, katika kina kimoja cha maji: kimoja kitupu, cha pili kimepakwa rangi ya kawaida, cha tatu rangi ya shaba. Hiyo ni sumu. Aipake mwalimu mwenyewe. Kibao cha pili husahaulika upesi, lakini bila hicho mtoto atajuaje kama kilichozuia ni shaba au ni rangi yoyote tu? Utelezi wa mwani ukionekana hata juu ya kibao cha tatu, jaribio halijaharibika: shaba huyeyuka majini polepole, na ikipungua viumbe hushika tena. Deheni ya majahazi, yaani shahamu na chokaa, nayo ilipakwa upya mara kwa mara.